Dondoo muhimu: Ripoti ya mteja wa siri

Nchini Marekani, mteja wa siri, yaani anayejifanya mnunuzi ili kupima huduma ya duka, hulipwa kwa kila ziara, na fedha mara nyingi huingia wiki kadhaa baada ya ripoti kukubaliwa.

Hesabu. Mzoefu huondoa kwanza nauli na thamani ya muda wa kuandika kwenye malipo, ndipo akubali kazi.

Ushahidi. "Mhudumu alikuwa mkorofi" hurudishwa na mhariri anayekagua ripoti. "Hakusalimia, alitazama simu dakika 3" hupita, kwa kuwa mwenye duka anajua la kurekebisha.

Uwiano. Aliyejibu "hapana" kwenye swali la ripoti hueleza kwa nini, na maelezo yake hayapingani na jibu.

Risiti. Hutunzwa mpaka malipo yafike.

Tahadhari. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, huonya: anayetoza ada ya kujiunga, au anayetuma hundi na kutaka sehemu ya fedha irudishwe, ni tapeli.