Bastola Kiunoni: Somo la Uzito, Teke na Ala

Mwezi wa Desemba 2014, katika duka moja kubwa la jimbo la Idaho, Marekani, mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono katika mkoba wa mama yake, akaishika bastola iliyokuwa na risasi, nayo ikafyatuka. Mama alikufa pale pale. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha, na mkoba wenyewe ulikuwa umeshonwa kwa kazi hiyo, una mfuko wake wa pembeni wenye zipu. Sheria ilifuatwa na kifaa kilinunuliwa. Kosa lilikuwa mahali: bastola ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa karibu na mtoto, wala haikuwa juu ya mwili wa mwenyewe.

Kwa nini mtu aliyekusudia kubeba silaha kila siku huitoa mwilini na kuiweka mkobani, garini au mtotoni mwa meza? Mara nyingi jibu ni dogo kuliko inavyodhaniwa: inamchoma ubavuni, inauvuta mshipi chini, inamwachia alama nyekundu juu ya nyonga. Kwa hiyo raha ya kubeba, ambayo huonekana kuwa jambo la anasa, ni sehemu ya usalama. Nayo ni suala la fizikia ya sekondari: tungamo, kani, kanieneo na wenzo.

Desturi yenyewe ni ya Marekani hasa. Katika karne ya 19 fundi Henry Deringer wa Philadelphia alijulikana kwa bastola ndogo za mfukoni; kwa bastola ya namna hiyo Rais Abraham Lincoln aliuawa mwaka 1865. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali kila raia anayetimiza masharti yaliyoandikwa, na majimbo mengi yakafuata. Illinois lilikuwa la mwisho kuruhusu, mwaka 2013. Leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha. Nchini Kenya jambo hili lipo chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili ni lazima kuwa na leseni. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hasomi somo hili ili akanunue bastola. Analisoma kwa sababu ni mfano ulio wazi mno wa namna kanuni za Newton zinavyomlazimisha mtu kuchagua.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi hutamani ni wepesi. Bastola nyepesi haiuchoshi mwili, kwa hiyo hudhaniwa kuwa ndiyo bora. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Risasi ya milimita 9, iliyo ya kawaida kuliko zote katika bastola za leo, huwa na tungamo la gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu meta 350 kwa sekunde. Momenta yake ni 0.008 × 350, yaani 2.8 kilogramu-meta kwa sekunde. Baruti nayo isisahauliwe. Kiasi cha gramu 0.4 hugeuka gesi, na gesi hiyo hutoka kwa kasi kubwa kuliko risasi, tuseme meta 1200 kwa sekunde. Hiyo huongeza 0.48. Jumla ni karibu 3.28. Kwa kanuni ya uhifadhi wa momenta, bastola lazima irudi nyuma kwa momenta iyo hiyo, wala hakuna fundi awezaye kuikwepa hesabu hii.

Sasa zichukuliwe bastola tatu. Ya kwanza ni ya ukubwa wa kati, kama Glock 19 iliyotokea mwaka 1988, ambayo ikiwa na risasi zake 15 ina gramu 850 hivi. Ya pili ni ndogo, kama SIG Sauer P365 ya mwaka 2018, yenye gramu 620 hivi ikiwa na risasi 10. Ya tatu iwe ya kubuni tu, gramu 425, nusu ya ile ya kwanza. Nishati ya teke hupatikana kwa kuzidisha momenta kwa yenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya tungamo. Ya kwanza hurudi na jouli 6.3, ya pili jouli 8.7; ya tatu jouli 12.7. Mwanafunzi ataona kwamba tungamo likipungua nusu, nishati ya teke huwa maradufu. Mkono ukiisimamisha bastola ya kwanza katika umbali wa sentimeta 5, kani ya wastani ni nyutoni 127. Ya tatu hudai nyutoni 253 za mkono ule ule. (Kusema kweli bastola yenye mtutu mfupi huitoa risasi kwa mwendo mdogo kidogo, lakini tofauti hiyo haibadili picha.)

Basi bastola iliyo raha kubeba si raha kupiga, na iliyo raha kupiga ni mzigo kubeba. Wauzaji wengi hulitaja nusu la kwanza tu la sentensi hiyo, tena kwa sauti ya chini. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi hupiga risasi chache siku ya kwanza, mkono unamuuma, naye harudi tena uwanjani kufanya mazoezi. Anaendelea kubeba chombo asichokimudu, na risasi inayomkosa mlengwa haipotei hewani. Inaye mtu mwingine mbele yake, au ukuta wa chumba chenye watu.

Tungamo si sababu pekee ya teke. Mtutu hukaa juu ya mkono, si ndani yake, kwa hiyo kani inayorudi nyuma hupita sentimeta kadhaa juu ya kiganja na kuizungusha bastola, mdomo ukinyanyuka. Ni wenzo wa kawaida: kadiri mtutu ulivyo juu, ndivyo mzunguko ulivyo mkubwa. Mpini mfupi huongeza taabu, maana kidole cha mwisho hukosa pa kushika na mkono hukosa urefu wa kupinga mzunguko huo. Mwenye mkono mkubwa anayenunua bastola ya kuficha kiganjani hujikuta anaishika kwa vidole viwili. Mwenye mkono mdogo ana tatizo la kinyume: kidole chake hakifiki vema kwenye kifyatulio, naye huusogeza mpini upande ili akifikie, na risasi huenda kando.

Kuna fumbo moja linalowashangaza wengi. Mtu mwenye nguvu kidogo, kwa mfano mzee mwenye baridi yabisi ya vidole, huchagua bastola ndogo akitumaini kwamba itakuwa laini kwake. Kumbe mara nyingi ni ngumu zaidi. Bastola ya kujijaza yenyewe ina kifuniko cha chuma juu kinachoteleza nyuma kila risasi inapotoka, na springi ya kukirudisha. Kifuniko kikiwa kizito, tungamo lake lenyewe hupunguza mwendo wake. Kikiwa chepesi, kazi hiyo huachiwa springi, nayo lazima iwe kali; na ni springi hiyo hiyo ambayo mwenyewe hana budi kuivuta kwa mkono anapoingiza risasi ya kwanza. Bastola ya rivolva haina kifuniko hicho. Model 36 ya Smith & Wesson, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1950 na ina nafasi ya risasi tano tu, haidai mkono wenye nguvu ili kujazwa. Lakini hudai kidole chenye nguvu: kukivuta kifyatulio cha rivolva ya namna hiyo bila kuinua nyundo kwanza huhitaji karibu nyutoni 53, wakati cha Glock huhitaji 25 hivi.

Nyutoni 25 ni uzito wa maji lita mbili na nusu. Mtu mzima hauhisi sana. Na msiba wa Idaho waonyesha kwamba si kizuizi hata kwa mtoto. Kwa sababu hiyo ala, yaani mfuko unaoishika bastola kiunoni, si pambo. Kazi yake ya kwanza ni kukifunika kifyatulio chote kwa kitu kigumu kisichopenyeka kwa kidole, kalamu wala ncha ya shati. Kazi ya pili ni kuishika bastola isianguke mtu akikimbia au akiinama. Kazi ya tatu ndiyo ile inayotajwa kwanza madukani, raha.

Ngozi ilikuwa mali ghafi ya ala kwa miaka mingi, na bado ina sifa zake. Hujifinyanga kwa umbo la mwili na haikwaruzi. Ubaya wake huja na uzee: ngozi iliyolegea yaweza kukunjika mdomoni, na mkunjo ukaingia kwenye kifyatulio wakati bastola inaporudishwa alani. Pia hunywa jasho. Jasho lina chumvi, na mkaaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini kwa chuma. Siku hizi ala nyingi hufinyangwa kwa Kydex, aina ya plastiki inayolainika kwa joto na kukaza inapopoa. Hainywi maji, haikunjiki, na mdomo wake hubaki wazi hata bastola ikitolewa. Lakini kingo zake ni ngumu, na kingo ngumu hurudisha swali la kanieneo.

Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Bastola ya gramu 850 ina uzito wa nyutoni 8.3 tu, pungufu ya chupa ya maji ya lita moja, na mtu hubeba zaidi ya hapo mfukoni bila kunung'unika. Kinachoumiza ni namna uzito huo unavyogusa mwili. Kitovu cha uzito wa bastola hukaa, tuseme, sentimeta 3 nje ya mshipi. Uzito ukizidishwa kwa umbali huo hutoa 0.25 nyutoni-meta, na mzunguko huo huupindua mshipi na kuusukuma mpini nje, hata shati likatuna na siri ikafichuka. Ili kuupinga, chini ya ala lazima paegemee mwili. Ala ikiegemea sentimeta 10 chini ya mshipi, nyutoni 2.5 zinatosha, ikiegemea sentimeta 5 tu, zinahitajika nyutoni 5. Kwa hiyo ala ndefu kidogo yaweza kuwa raha kuliko fupi, ingawa dukani fupi ndiyo inayopendeza macho.

Mshipi ndio unaobeba kazi yote. Mshipi mwembamba na laini hujikunja, na mtu huukaza zaidi ili usijikunje, ndipo ubavu unapouma. Mshipi mgumu wa upana wa sentimeta 4 hivi hauna haja ya kukazwa hivyo, na kani yake hutandazwa juu ya eneo kubwa. Wazoefu wengi watakubali kwamba fedha za mshipi mzuri huleta nafuu kubwa kuliko fedha za bastola mpya.

Mahali pa kuivaa pana hoja zake. Wamarekani huzitaja nafasi za kiunoni kama tarakimu za uso wa saa, kitovu kikiwa 12 na nyonga ya kulia 3. (Anayesoma vitabu vyao asihesabu kwa saa za Kiswahili, la sivyo ataipeleka bastola upande wa pili.) Kwenye 3 au nyuma yake kidogo, juu ya mfupa wa nyonga, uzito huegemea mfupa na mkono hufika kwa wepesi. Kwenye 6, uti wa mgongo, bastola hujificha vema sana, lakini anayeanguka chali huangukia chuma juu ya mifupa ya mgongo. Mbele, karibu na 1, hujificha na huchomoka upesi. Mwenye tumbo hulipa gharama yake akikaa, na kwa kila mtu mdomo wa mtutu huelekea paja, mahali upitapo mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Hapo kosa dogo la kidole halina nafasi ya pili.

Mwalimu aweza kulifundisha somo hili bila silaha yoyote. Magari mawili madogo ya maabara yatenganishwe kwa springi iliyobanwa, moja likiongezewa mawe ya mizani, na wanafunzi wapime umbali ambao kila moja huenda. Kisha mfuko mgumu wa nguo ujazwe mchanga wa gramu 850. Mwanafunzi auvae nyongani kwa kamba ya katani asubuhi yote, akae, ainame, apande ngazi. Siku ya pili auvae kwa mshipi mpana wa ngozi. Siku ya tatu, kwa mshipi ule ule, mfuko ushonewe kipande cha mbao nyembamba cha sentimeta 15 upande wa mwilini. Kila saa aandike mahali panapouma na mara ngapi alitaka kuuvua. Mwishoni darasa likadirie eneo la mguso la kila siku kwa karatasi ya miraba, na kulilinganisha na daftari la yule aliyeuvaa.