KOMPYUTA INAPOLIA, SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, kidato cha tatu. Mwaka huu sikuandika shairi wala hadithi ya sungura na fisi. Nimeandika juu ya sauti iliyotutia hofu muhula uliopita na yale niliyojifunza kutokana nayo. Soma hadi mwisho hata kama huchukui somo la kompyuta, kwani stima iko hata nyumbani kwenu.

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Mimi na mwenzangu tulikuwa katika chumba cha kompyuta tukipiga chapa insha za jarida hili. Insha zote za kidato cha kwanza na cha pili zilikuwa ndani ya mashine moja tu, ile ya karibu na dirisha. Mara tukasikia trr! trr! nyuma ya meza. Mashine ikazimika, ikajiwasha tena yenyewe.

"Hiyo ni pawasaplai, imekwisha," mwenzangu akasema.

Mimi kwa ujuaji wangu nikashika bisibisi. Nilitaka kufungua kile kikasha cha chuma ambamo waya wa stima huingia, nione kinacholia. Kumbe nilikuwa naita mauti!

Mwalimu aliingia akanikuta nimekwisha kulegeza skrubu ya kwanza. "Weka hiyo bisibisi chini, kijana," alisema. Akanusa hewa, akauliza, "Mnasikia harufu?" Ni kweli, kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Akazima swichi ya ukutani papo hapo. Ile trr-trr ilikatika mara moja, lakini feni iliendelea kuzunguka kidogo hadi ikasimama.

"Basi si feni," mwalimu akasema. Hapo ndipo somo lilipoanza.

Hebu kwanza tujue kazi ya pawasaplai. Stima ya Kenya, iwe imetoka Olkaria au kwenye mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Kiambere huko upande wa Embu, hufika ukutani ikiwa na volti 240, na hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuitumia hivyo. Pawasaplai huibadilisha iwe ya mwelekeo mmoja, huikatakata kwa kasi mara makumi ya maelfu kwa sekunde, huipitisha katika transfoma ndogo, kisha huitoa ikiwa ya volti 12, 5 na 3.3. Kazi yote hiyo huleta joto, ndiyo maana kuna feni.

Sasa tuzitambue sauti zenyewe.

Ya kwanza ni mkwaruzo, krr-krr, kama debe linaloburutwa. Mara nyingi hiyo ni feni. Imejaa vumbi, au beringi zake zimechakaa, au kuna waya unaogusa mapanga yake. Sisi wa Kangeta tunalijua vumbi la kiangazi. Likiingia darasani, huingia kwenye feni pia. Dalili yake ni kwamba ukizima mashine, sauti hufifia polepole pamoja na feni.

Ya pili ni mluzi mwembamba kama wa mbu. Huu hutoka kwenye koili, yaani waya uliozungushwa. Sumaku huuvuta na kuuachia hadi unatetemeka. Mluzi huweza kubadilika unapofungua programu nzito. Unaudhi masikio, lakini peke yake si hatari.

Ya tatu ni mvumo mzito kama wa nyuki mzingani. Katika transfoma, chuma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko wa stima, kwa hiyo mvumo wake ni mitetemo 100 kwa sekunde. Ukipita karibu na nguzo yenye transfoma, simama mbali kidogo usikilize. Ni sauti hiyo hiyo. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Ukiongezeka ghafla, mwite fundi.

Ya nne ni tik, tik, tik, na mashine inakataa kuwaka. Huenda pawasaplai inajaribu kuanza, inaona kuna hitilafu au mzigo umezidi, inajizima, kisha inajaribu tena.

Ya tano ndiyo mbaya, mchatuko kama wa mahindi yakikaangwa, pamoja na harufu. Hapo stima inaruka mahali ambapo waya haukushika vizuri. Kila inaporuka huunguza, na moto huanzia hapo. Usingoje. Zima ukutani.

Mwalimu alichomoa plagi, akatuonyesha ile ekstensheni iliyokuwa nyuma ya mashine. Tundu moja lilikuwa jeusi, na plastiki yake imelainika. Vyuma vya ndani vilikuwa vimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Ekstensheni ile ikatolewa nje. Tukaleta waya mwingine mzima, tukauchomeka moja kwa moja ukutani. Mashine iliwaka, ikatulia tuli. Kabla ya jambo lingine lolote, tulinakili insha zote kwenye flashi mbili. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka.

Fikiria, msomaji. Tungenunua pawasaplai mpya kwa pesa za chama, tuichomeke kwenye tundu lile lile bovu. Pesa zingekwenda, na chumba bado kingeweza kuungua.

Na ile bisibisi yangu je? Mwaka huu katika fizikia tumesoma kapasita, kifaa kinachoweka chaji. Ndani ya pawasaplai mna kapasita kubwa zinazoweza kubeba zaidi ya volti 300, na chaji hiyo huweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Nilikuwa nasoma hayo kwa ajili ya mtihani, wala sikujua yananihusu. Kikasha hicho si cha mwanafunzi kufungua.

Basi, mashine yako ikilia, fuata hatua hizi:

1. Ukisikia mchatuko, ukinusa kuungua au ukiona moshi, zima ukutani mara moja. Usimwage maji.
2. Kama ni kelele tu, hifadhi kazi yako kwanza, na unakili mahali pengine.
3. Kunja karatasi iwe kama bomba, weka ncha moja sikioni, tafuta sauti inatoka wapi. Usiguse kitu wala usiingize waya kwenye feni.
4. Zima, usikilize. Ikififia polepole, shuku feni. Ikikatika ghafla, shuku stima.
5. Chomoa plagi, kagua waya na ekstensheni, pangusa vumbi la nje kwa brashi kavu. Kisha jaribu soketi nyingine iliyo nzima.
6. Pawasaplai nyingine za zamani zina kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Hapa kwetu ni 230. Mtu asikichezee.
7. Bado inalia? Mwambie mwalimu au fundi. Pawasaplai mbovu hubadilishwa nzima.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sauti ile ilikuwa wingu letu, nami nilitaka kulitoboa kwa bisibisi. Leo unasoma insha za wadogo zetu katika kurasa hizi kwa sababu mtu mzima alinusa hewa kabla ya kushika chombo. Ukifika nyumbani jioni hii, itazame ile ekstensheni ya redio na televisheni. Ikiwa tundu lina weusi, mwonyeshe baba au mama kabla ya kulala.