MASHINDANO YA NGOMA KWA VIJANA: MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUMRUHUSU MTOTO

Katika ziara zetu vijijini Bukoba na Muleba, wazazi wengi wametuuliza kuhusu mashindano ya ngoma. Mtoto anarudi nyumbani akisema kikundi chao kimechaguliwa, kwamba zinatakiwa fedha za mavazi na nauli, na kwamba watalala huko siku mbili au tatu. Mzazi afanye nini? Akikataa ataonekana anamzuia mtoto kukuza kipaji. Akikubali bila kuuliza, amemkabidhi mtoto kwa watu asiowajua. Somo hili linalenga kusaidia familia, walimu wa vikundi na viongozi wa vijana kufikia uamuzi ulio mzuri kwa mtoto.

Mashindano si jambo geni kwetu

Sisi watu wa Kagera tumelelewa na ngoma. Omutoro ulichezwa mbele ya Omukama, amakondere yakapulizwa, na wapiga enanga wakasimulia habari za mashujaa. Majirani zetu Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hucheza siku moja mahali pamoja, na ushindi huwa wa upande uliovuta watazamaji wengi zaidi. Huko pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, vikundi vya beni vilishindana kwa mavazi, vyeo na karamu, hata wanachama wengine wakatumia fedha nyingi ili wasishindwe na wenzao.

Historia hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mashindano hujenga umoja na bidii. Pili, hamu ya kushinda inaweza kuwafanya watu wazima wasahau kipimo. Siku hizi walio mstari wa mbele ni watoto, kwa hiyo kipimo hicho ni lazima tukiweke sisi.

Faida zake

Hatuandiki somo hili ili kuwatisha wazazi. Mtoto anayecheza ngoma hujifunza kutunza muda, kusikilizana na wenzake na kusimama mbele za watu bila woga. Hujifunza pia lugha na mila za babu zake. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, vikundi vya ngoma na maigizo vimefanya kazi kubwa ya kufikisha ujumbe mahali ambapo semina hazikufika. Aidha, hata Maandiko yanatueleza kwamba Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele za Bwana.

Maswali sita ya kuuliza

1. Nani ameandaa? Mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, huendeshwa chini ya serikali na hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Mashindano mengine huandaliwa na makampuni, redio, wanasiasa au watu binafsi. Kwa hayo, omba kuona kibali. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako anaweza kukueleza kama shughuli hiyo inafahamika. Mwandaaji mwema hachukizwi na swali hili.

2. Majaji watatoa alama kwa mambo gani? Kikundi kipewe vigezo mapema: ulinganifu wa hatua, mapigo, mavazi, ujumbe, muda. Pasipo vigezo, watoto wakishindwa hawatajua warekebishe nini, na huo ndio mwanzo wa manung'uniko na maneno ya uchawi au rushwa. Uliza pia kama kuna makundi ya umri. Si haki mtoto wa miaka 11 kupimwa pamoja na kijana wa miaka 20.

3. Gharama zote ni kiasi gani, na zawadi itagawanywaje? Kiingilio, mavazi, njuga, ngoma, nauli, chakula na malazi viandikwe kwenye karatasi moja kabla ya mazoezi kuanza. Tunafahamu familia ambazo huuza kahawa changa au mbuzi ili mtoto asiachwe. Kikundi kitafute njia ya kumchukua mtoto yatima au wa familia maskini bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Zawadi nayo ipangiwe mgawanyo mapema, kwa maandishi, wazazi wakiwepo.

4. Watasafiri vipi na watalala wapi? Hapa hatupaswi kulegea hata kidogo. Watoto wasisafirishwe juu ya mizigo kwenye lori, wala usiku. Wavulana na wasichana walale vyumba tofauti, na kwenye kundi lenye wasichana awepo mlezi mwanamke. Mtoto asilale chumba kimoja na mwalimu au mfadhili peke yake, hata kama ni ndugu. Iandikwe orodha ya majina yote na namba za simu za wazazi, nakala moja ibaki kijijini. Sisi wa Kagera tunajua uchungu wa safari isiyo na orodha. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu, na kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa, idadi kamili haikujulikana.

5. Watavaa nini na watacheza mtindo gani? Mila zetu zina mavazi yenye heshima na bado yanapendeza. Mzazi aombe kuona mazoezi walau mara moja. Kama mchezo unamtaka binti wa miaka 13 ajioneshe kama mtu mzima ili apigiwe makofi na kutunzwa fedha, kikundi kimepotea njia.

6. Nani atapiga picha, na zitatumika wapi? Video ya mtoto ikishawekwa kwenye mitandao ni vigumu kuirudisha. Mzazi aulizwe kwanza, na jina kamili la mtoto, shule na kijiji chake visitajwe.

Baada ya kombe

Uzoefu wetu unaonesha kwamba hatari kubwa huja baada ya ushindi. Kikundi kikishajulikana, mialiko huanza kumiminika: harusi, sherehe za kuaga, kumbi za starehe, mikutano ya siasa. Hapo mchezo unageuka kuwa kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala kumzuia kwenda shule, na inakataza kumwajiri mtoto usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tunashauri vikundi vitumie saa hizo kama mpaka hata pale ambapo hakuna malipo.

Mtoto hawezi kufunga mkataba peke yake. Anayemletea karatasi ya kusaini aelekezwe kwa wazazi, nao waisome na mtu anayeelewa sheria kabla ya kuweka saini. Kijana wetu mwenye kipaji halisi ana njia nyingine pia ya kujiendeleza. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, mwaka 2007, hufundisha ngoma kama fani kamili. Ili afike huko atahitaji shule, kwa hiyo mazoezi yasile muda wa masomo.

Na kikundi kikishindwa? Mwalimu asimtukane mtoto aliyekosea hatua, wala mzazi asimcheke. Siku ya kurudi wapokelewe kwa chakula, wasikilizwe, kisha wapumzike. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Akisema hataki tena kwenda, muulizeni kwa upole sababu. Huenda amechoka tu, na huenda kuna jambo lililomtokea asiloweza kulisema mbele ya watu.

Ukihisi mtoto amedhuriwa, usisubiri kikao cha kikundi wala suluhu ya kifamilia. Piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, au nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hitimisho

Ndugu wazazi na walimu, kombe litawekwa kabatini na vumbi litalifunika. Mtoto ataishi na yale aliyoyapata safarini, mema au mabaya. Kwa hiyo tuulize maswali haya mapema, kwa upendo na bila woga, na tukiridhika na majibu, tumfunge mtoto njuga wenyewe na twende kumshangilia.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, kikundi cha vijana katika eneo letu kina makubaliano ya maandishi na wazazi? Yanasema nini?
2. Ni mlezi gani tunayemwamini kusafiri na watoto wetu, na kwa nini?
3. Tufanye nini ili mtoto asiye na uwezo asiachwe nyuma?
4. Je, watoto wetu wanajua wamwambie nani endapo jambo baya litawatokea?