Jua Haki Zako: "Inatarajiwa" Haidaiwi Mahakamani

"Mkulima anatarajiwa kunufaika na soko la uhakika, bei nzuri na huduma za ugani kwa wakati."

Sentensi ya namna hii ni ya kawaida katika mikataba ya miche, miti na mazao inayopelekwa vijijini, na inapendeza hasa ikisomwa kwa sauti mbele ya mkutano. Mwanasheria akiipekua neno kwa neno, hapati cha kudai. Soko la uhakika ni lipi, na ni la nani? Bei nzuri ni shilingi ngapi kwa kilo? Bwana shamba atatumwa na nani, mara ngapi kwa msimu? Lakini kasoro kubwa kuliko zote imo ndani ya lile neno "anatarajiwa". Neno hilo halina mwenyewe. Hakuna aliyeahidi kitu; kuna kitu kinachosubiriwa tu, kama mvua.

Wakazi wa kata ya Kitandililo, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako mkoani Njombe, wana sababu ya kulichunga neno hilo kuliko wengi. Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile kuu ya Dar es Salaam na Zambia, na treni ya TAZARA inasimama hapo hapo. Mnunuzi wa mbao, viazi au parachichi hapati shida kufika, na kuondoka kwake ni kwepesi vilevile. Tena mazao ya Njombe ni ya kusubiri. Kampuni ya TANWAT ilianza na miwati mwaka 1949. Leo kilima kwa kilima ni paini na milingoti inayongojwa miaka mingi kabla ya kukatwa, na parachichi za Hass zilizobebeshwa huanza kuzaa karibu na mwaka wa tatu. Zao linalosubiriwa muda wote huo huuzwa kwa maneno ya wakati ujao. Hapo ndipo sheria inapoingia, na haiingii kwa huruma.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, kukiwa na malipo au kitu cha kubadilishana, na lengo likiwa halali. Sheria hiyo hiyo inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kujulikana, ni batili. Kwa hiyo "bei nzuri" ikifikishwa mahakamani bila njia yoyote ya kuipata hiyo bei, hakimu hawezi kukaa akambunia mkulima namba.

Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi, kama kwenye kuhamisha ardhi yenye hati. Wengi wanalijua hilo, na ndilo linalowaponza. Mambo yakishaandikwa, Sheria ya Ushahidi inafunga mlango: maneno ya mdomo hayapokelewi kupinga, kubadili au kuongeza kilichomo kwenye karatasi. Milango midogo imeachwa, kwa mfano palipokuwa na udanganyifu, palipokosewa katika kuandika, au kwa jambo ambalo karatasi imelinyamazia kabisa na halipingani nayo. Wanaoandika mikataba wanaijua hiyo milango, na mara nyingi huweka komeo mwishoni kwa sentensi fupi: "Mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili." Anayeweka sahihi chini ya sentensi hiyo, huku kichwani anakumbuka zahanati iliyotajwa mkutanoni, ajue kwamba zahanati hiyo imebaki mkutanoni.

Kisarawe, mkoani Pwani, walilipata somo hilo kwa gharama. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji zaidi ya kumi ili ipande mbono wa kutengenezea mafuta. Visima, shule, zahanati na ajira vilikuwa sehemu ya mazungumzo. Mwaka 2011 shughuli zilisimama na mamia ya vibarua walirudi nyumbani. Ardhi yenyewe ilikuwa imeshahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, na kusimama kwa mradi hakukuirudisha. Faida zilikuwa za kutarajiwa, lakini uhamisho wa ardhi ulikuwa umekamilika.

Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji kitu ambacho ni nadra kutumiwa. Taasisi isiyo ya kijiji ikiomba haki ya kumiliki ardhi, Halmashauri ya Kijiji, kabla ya kuamua, inatakiwa izingatie mchango ambao mwombaji ameutoa au amejifunga kuutoa kwa jamii na kwa huduma za umma kijijini, na pia kama ukubwa wa eneo linaloombwa utawabana wakazi wa leo na wa kesho. Basi ahadi ya kisima ni sehemu ya maombi yenyewe, na kijiji kina haki kabisa ya kusema: andika kisima hicho, kina chake, kitongoji kitakapochimbwa, na mwezi kitakapotoa maji, ndipo tuendelee. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sahihi ya mwenyekiti na mhuri wa mtendaji havitoshi bila muhtasari wa mkutano huo. Maeneo ya Makambako yaliyo chini ya mitaa hayana ardhi ya kijiji, hivyo utaratibu wake ni mwingine.

Ndani ya mkoa huo huo wa Njombe, huko Ludewa, upo mfano wa kuonyesha kwamba kalenda nayo ni sehemu ya faida. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya China, Sichuan Hongda, wa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mradi ulitajwa kuwa wa dola bilioni 3 za Marekani. Wananchi waliopisha mradi walianza kulipwa fidia na serikali mwaka 2023.

Sasa, je, faida ambayo haijapatikana inaweza kudaiwa? Inaweza. Wengi hukata tamaa kabla hawajauliza. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote zilijua, wakati zinakubaliana, kwamba ingetokea. Hasara ya mbali haifidiwi.

Chanzo cha kanuni hiyo ni mashine ya kusaga. Huko Uingereza, mwenye kinu wa Gloucester alivunjikiwa na mtaimbo wa mashine, akamkabidhi msafirishaji aupeleke kwa mafundi ili utengenezwe mwingine. Msafirishaji alichelewa, kinu kikasimama siku kadhaa, na mwenye kinu akadai faida aliyoikosa. Mahakama, katika kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, ilimnyima faida hiyo kwa sababu msafirishaji hakuelezwa kwamba bila mtaimbo ule kinu kizima kingelala. Pengine upo mwingine wa akiba, angejuaje? Karibu kila mwenye mashine ya kusaga mahindi Njombe angemwonea huruma mtu yule. Lakini somo lake ni la kumfaa mkulima: faida inayotarajiwa ikielezwa mapema na kwa maandishi, inamfunga mwenzako kwa kujua.

Chukua mfano wa mkulima anayenunua miche 200. Risiti yake ikisema "miche ya parachichi", na mwaka wa tatu ikazaa matunda ya kienyeji, ana kazi ngumu. Ikisema "miche 200 ya Hass iliyobebeshwa, mnunuzi amemweleza muuzaji kwamba inapandwa kwa ajili ya soko la nje," mambo yamegeuka. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na muuzaji wa kazi hiyo aliyeambiwa matumizi anabeba wajibu wa kumpa mnunuzi kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Mistari miwili tu kwenye risiti.

Kujua peke yake hakutoshi, lazima kuthibitisha. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya mwaka 1992, ilikazia kwamba hasara mahususi lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Daftari la mauzo ya msimu uliopita, risiti za mbolea, malipo ya vibarua na picha za shamba vina thamani kuliko mashahidi kumi wanaosema "alikuwa anapata vizuri".

Vipi kuhusu aliyedanganywa? Hapa sheria inatenganisha mambo mawili. Utabiri uliokosewa si udanganyifu: aliyesema bei itapanda, ikashuka, amekosea tu. Lakini kusema uongo kuhusu jambo lililopo sasa, au kutoa ahadi bila nia yoyote ya kuitimiza, ni udanganyifu, na aliyedanganywa ana haki ya kuukataa mkataba au kudai awekwe mahali ambapo angekuwa kama maneno yale yangekuwa kweli. Watanzania wa mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, ambako watu "walipanda mbegu" ya fedha ili "wavune" mara dufu, mpaka serikali ilipoifunga. Mwaka 2020 mkurugenzi wa kampuni ya Mr Kuku alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kuhusu fedha za watu walioahidiwa faida kubwa ndani ya miezi michache. Lugha ya shamba ilitumika kote kuwili, na si bahati mbaya: mkulima amezoea kuweka kitu ardhini na kungoja. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu wa aina hiyo.

Ile sentensi ya mwanzo inaweza kuandikwa upya. Namba hizi ni za mfano tu: "Mnunuzi atanunua parachichi zote za Hass za mkulima zenye uzito wa gramu 150 na kuendelea, kwa bei isiyopungua shilingi 1,200 kwa kilo, zikipimwa shambani kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na atalipa ndani ya siku 14 tangu kupima. Asipofika ndani ya siku 7 baada ya kuitwa kwa maandishi, mkulima atauza kwa mwingine na mnunuzi atalipa pungufu la bei." Haina "anatarajiwa" hata moja. Kuna "atanunua", "atalipa", na mwenye kitenzi anajulikana. Mkataba ukitaja kiasi cha kulipa endapo utavunjwa, mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo kuandika kidogo ili kuonekana mstaarabu ni kujipunja.

Kilo, si gunia. Mkulima wa viazi anayekubali bei "kwa gunia" ameacha mlango wa lumbesa wazi, ingawa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Na "bei ya soko" iandikwe ni soko gani, siku gani, nani wa kuitangaza.

Karatasi ikitakiwa kutumika mahakamani, ushuru wa stempu uwe umelipwa TRA pale unapohitajika, kwani waraka usio na stempu unaweza kukataliwa. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza uombewe nakala ya Kiswahili kabla ya sahihi. Asiyemudu wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii itamwelekeza. Aende na mkataba kabla haujasainiwa, maana baadaye msaidizi huyo atakuwa anatafuta tu ile milango midogo.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na saa inaanza kugonga siku mkataba ulipovunjwa, hata kama hasara haijaonekana. Aliyekabidhiwa miche isiyo ya Hass Desemba 2021, akaona matunda yake 2024, asihesabu tangu tunda. Mkataba ulivunjwa siku ya makabidhiano. Mwisho wake ni Desemba 2027, isipokuwa athibitishe kwamba muuzaji alimficha ukweli kwa udanganyifu, hapo muda utahesabiwa tangu alipougundua au alipopaswa kuugundua.