Yoane Mbatizaji, Mtangulizi wa Bwana

Askofu anapotazamiwa kufika kijijini, watu hutangulia kufyeka majani ya njiani na kujaza mashimo kwa mawe. Nabii Isaya alitumia mfano wa namna hiyo: mabonde yafukiwe, vilima vishushwe, Bwana apate kupita. Mtu wa vilima vya Bushi aujua uzito wa kazi hiyo, kwani mvua huiharibu njia kila mwaka.

Mtengeneza njia huyo ni Yoane, mwana wa Zakaria na Elizabeti. Manabii wa kale walimtangaza Mkombozi kwa mbali. Yoane alimwonyesha akiwa amesimama kati ya watu. Aliishi jangwani, akavaa nguo ya manyoya ya ngamia, akala asali ya mwitu na nzige (chakula kisichowashangaza watu wa Kivu, walao senene). Waliotubu aliwabatiza katika mto Yordani. Lakini ubatizo wake haukuwa Sakramenti. Ulikuwa alama ya toba, wala haukutia neema kama Ubatizo uliowekwa na Yezu Kristu. Basi mkatekumeni aliyeacha ulevi na hirizi asidhani kwamba amekwisha kufika. Amefika Yordani tu. Yambakia kumpokea Bwana mwenyewe.

Jaribu gumu la Yoane halikuwa njaa ya jangwani. Siku moja wanafunzi wake walimjia wenye wivu, wakalalamika kwamba watu wote sasa wamwendea Yezu. Mwalimu gani hasikii uchungu akiachwa na wasikilizaji wake? Yoane aliwajibu kwa mfano wa arusi: rafiki wa bwana arusi hufurahi aisikiapo sauti yake. Kila kijiji chamjua mshenga. Huenda kwa wazee wa binti, hupeleka maneno ya posa, huchoka kwa safari nyingi. Bibi arusi akifika, mshenga hamchukui awe wake. Hushangilia, kisha hurudi nyumbani. Mshenga amtamaniye bibi arusi ni mwizi. Vivyo hivyo katekista hawafundishi watu wapate kuwa wake, bali wa Kristu.

Unyenyekevu huo haukuwa woga. Herode alipomtwaa mke wa ndugu yake, Yoane alimwambia wazi kwamba ni haramu. Kwa neno hilo alitiwa gerezani, akakatwa kichwa. Kanisa hukumbuka kuzaliwa kwake tarehe 24 Juni, na kifo chake tarehe 29 Agosti.

Masiya amekwisha kuja, kwa hiyo hatazamiwi Yoane mwingine. Hata hivyo kazi ya kuwaambia wakubwa ukweli haikukoma. Mjini Bukavu Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, alikuwa Askofu Mkuu tangu 1994, mwaka ambao wakimbizi wengi mno waliingia kutoka Rwanda. Aliwatetea wanyonge, akakemea dhuluma hadharani. Vita ilipoufikia mji hakuwaacha watu wake, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa na askari huko Nyawera.

Maswali ya kujibu mbele ya katekista: Ubatizo wa Yoane watofautianaje na Sakramenti ya Ubatizo? Kwa nini Yoane hakuwazuia wanafunzi wake wasimfuate Yezu? Ni nani kijijini aliyemtangulia Kristu kwako, na je, umekwisha kumshukuru?