Mwache Ageuze Shingo

Mtoto mwenye ualbino akianza darasa la awali, walimu wengi humkalisha mbele na kuona kazi imekwisha. Mbele ni pazuri, ila tazama kwanza dirisha liko wapi. Macho yake yana melanini (rangi ya asili ya mwili) kidogo, hivyo mwanga mkali humuumiza. Mkalishe mahali ambapo mwanga unatokea nyuma yake, asielekee dirisha wala mlango ulio wazi.

Kisha mchunguze anapotazama picha. Huenda akageuza shingo upande mmoja, akainamisha kichwa, akasogeza kitabu hadi kikaribie kugusa pua. Tafadhali mwalimu, usimwambie "Kaa vizuri!" Macho ya watoto wengi wenye ualbino huchezacheza yenyewe, na wengi wao wana pembe fulani ambapo hutulia kidogo. Mtoto ameigundua pembe hiyo mwenyewe, kabla hujamfundisha lolote. Ukimnyoosha shingo unampunguzia uoni. Kusoma kwa karibu nako hakuharibu macho. Waeleze wazazi pia, maana huko nyumbani huenda anakemewa kwa hilohilo.

Unapoandika ubaoni, soma kwa sauti kila unachoandika, na umruhusu ainuke asogee aone bila kuomba ruhusa. Waambie wenzake mapema: "Mwenzetu haoni mbali, anasogea ili aone." Watoto wa miaka mitano huelewa upesi. Kwenye manila nyeupe tumia kalamu nene nyeusi. Miwani humsaidia, lakini mara nyingi haimfikishi kwenye uoni kamili, kwa hiyo asiulizwe "Si umevaa miwani?"

Michezo ya uwanjani ifanyike kabla ya saa nne asubuhi. Jua likishakuwa kali, hamishia mchezo mzima chini ya mwembe. Kumbakiza darasani peke yake ni kumtenga. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu, hata kama sare ya shule ni mikono mifupi. Mafuta ya kukinga jua apakwe hadi masikioni na nyuma ya shingo, yarudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Yapo yanayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Mzazi aulizie hospitalini.

Mwaka ukiisha, mwandikie mwalimu wa darasa la kwanza: mtoto anakaa upande gani, anageuza shingo wapi, anasoma herufi za ukubwa gani.