Mguu wa Mzee Umkabidhi Nani?

Mzee anarudi kutoka shambani, kidole kimevimba, na hasemi neno. Hasemi kwa sababu hakimuumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini miaka mingi huweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu, hata msumari ukapenya kamambili na kuingia kwenye wayo bila mwenyewe kujua. Ukoma nao hutia ganzi vivyo hivyo. Dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu 1995, basi usifichwe ndani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, ndio waliokitengeneza, na hata jamaa wa nyumbani anaweza kukifanya. Mzee afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole kama nzi anayetua, kwenye kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usikandamize, usirudie. Kati ya miguso sita, ikimpotea miwili au zaidi, mpeleke kituo cha afya hata kama hana kidonda.

Sasa, ni nani wa kumshika mguu huo? Kijana wa sokoni mwenye wembe mmoja kwa wateja wote, hapana. Anayeuza unga wa kunyunyiza kwenye kidonda kabla hajakitazama, huyo naye hapana, hata akiwa jirani yako mwema.

Muuguzi anayefaa utamjua kabla hajashika chombo chochote. Ananawa. Anataka viatu vyote viwili vivuliwe, ijapokuwa mguu mmoja tu ndio mbaya. Anachungulia katikati ya vidole, anatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani, anauliza sukari ilipimwa lini na kama mzee anavuta tumbaku. Wembe wake unatoka kwenye karatasi yake mbele ya macho yenu. Sugu hailazimishi mpaka damu itoke. Akiona mambo yamemzidi, anaandika barua ya kumpeleka mzee hospitali, wala haoni aibu. Mimi namwamini zaidi huyo kuliko anayejua kila kitu.

Wala si lazima awe bingwa wa miguu. Katika mradi wa Step by Step nchini Tanzania, daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za kawaida, wawili wawili, kutunza miguu ya wenye sukari. Kwa hiyo ukifika kituoni uliza: nani hapa amejifunza vidonda vya miguu?

Kidole kikiwa cheusi, kikinuka, kikitoa usaha, au wekundu ukipanda mguuni pamoja na homa, usipitie kwa mtu. Ni hospitali siku hiyohiyo, kwetu ni ya Baraka au ya Nundu, kwa pikipiki au kwa mtumbwi.

Nyumbani, maji ya kuoshea yajaribiwe na mjukuu kwa kiwiko, na miguu isiotwe kwenye mbabula. Kausha katikati ya vidole. Mafuta yasipakwe katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyooka, pembe zisichimbwe. Na asubuhi, kabla mzee hajavaa kiatu, kigeuze, kikung'ute, kisha upitishe mkono ndani.